Kusafishwa Damu Kufuatia Hitilafu ya Ghafla ya Figo: Hali ya Mgonjwa Baada ya Miaka

Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi ghafla huweza kusafishwa damu kwa mashine kwa siku au wiki chache, kisha figo zikarejea katika kazi yake. Hata hivyo, kuondolewa kwenye mashine hakumaanishi kuwa hatari imekwisha.

Hitilafu hiyo hutokea ndani ya saa au siku chache. Miongoni mwa visababishi vyake ni malaria kali, kuharisha kunakopunguza maji mwilini, maambukizi yaliyosambaa katika damu, kutoka damu nyingi wakati wa kujifungua, kifafa cha mimba na baadhi ya dawa. Usafishaji damu hautibu figo. Huondoa sumu, maji na chumvi vilivyozidi wakati chanzo cha tatizo kikitibiwa.

Utafiti uliofanyika Australia na New Zealand kuanzia mwaka 2005 hadi 2008 ulihusisha wagonjwa mahututi zaidi ya 1,400. Ndani ya siku 90, asilimia 44.7 kati yao walifariki dunia. Miongoni mwa walionusurika, takribani asilimia 5.6 tu ndio waliokuwa bado wakihitaji mashine. Ufuatiliaji wa takribani miaka minne ulionesha kuwa vifo viliendelea hadi kufikia asilimia 62 hivi ya wagonjwa wote. Aidha, kati ya walionusurika na kupimwa mkojo, asilimia 42 walikutwa na protini, ambayo ni dalili ya figo zilizoathirika.

Nchini Kanada, utafiti wa jimbo la Ontario uliochapishwa mwaka 2009 ulibaini kuwa waliowahi kusafishwa damu kwa sababu hiyo walikuwa na uwezekano wa takribani mara tatu zaidi wa kuhitaji huduma hiyo ya kudumu baadaye, wakilinganishwa na wagonjwa wengine waliolazwa.

Kutokana na hali hiyo, mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2012 unaelekeza mgonjwa apimwe tena miezi mitatu baada ya tukio. Vipimo vya msingi ni kreatinini katika damu, protini katika mkojo na shinikizo la damu. Kupima ni muhimu kwa kuwa ugonjwa sugu wa figo huweza kukua kwa muda mrefu bila dalili yoyote.

Mgonjwa anashauriwa kutunza taarifa alizopewa anaporuhusiwa kutoka hospitalini na kumweleza kila mtoa huduma kuwa aliwahi kusafishwa damu. Aepuke kutumia bila ushauri wa daktari dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, pamoja na dawa za mitishamba zisizothibitishwa. Mwenye kisukari au shinikizo la juu la damu adhibiti maradhi hayo, na anayeharisha au kutapika sana awahi kituo cha afya mapema.