Nyasi za Jana, Chupa za Leo

Kama umewahi kuona nyumba ya udongo ikikandikwa huko ushago, unajua udongo hauendi ukutani peke yake. Unachanganywa na nyasi, kwingine na kinyesi cha ng'ombe. Sababu ni rahisi: udongo ukikandamizwa hubeba mzigo poa, lakini ukivutwa hupasuka. Nyasi ndizo huushikilia.

Ujanja huu ni wa kale. Kwenye kitabu cha Kutoka, Farao akitaka kuwakomesha Waisraeli anawanyima majani makavu ya kutengenezea matofali. Kule Iraki, mnara wa Aqar Quf umepitisha miaka 3,000 na bado kiini chake kimesimama karibu na Baghdad. Ni matofali ya udongo tu, ila katikati waliyatandazia mikeka ya matete.

Mwaka 1963, mhandisi Mfaransa Henri Vidal alipata hataza ya wazo hilo hilo, sasa kwa vipande vyembamba vya chuma vilivyolazwa kati ya tabaka za mchanga. Baadaye zikaja nyavu na vitambaa vya plastiki, vya kutoka kiwandani, vikashikilia kingo za barabara kuu duniani.

Basi swali likajileta lenyewe: kama plastiki mpya inaweza, je, iliyotupwa?

Kwa Nairobi swali hili si la darasani. Sehemu kubwa ya jiji imekalia udongo mweusi ambao mvua ikinyesha huvimba, jua likiwaka hunywea na kuacha nyufa. Mara nyingi kontrakta huuchimba wote na kuleta murram, au huutia chokaa. Wakati huohuo jaa la Dandora, lililofunguliwa miaka ya sabini, linazidi kupanda. Juala zilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, chupa zikabaki.

Watafiti wa nchi mbalimbali wamezikata chupa na mifuko kuwa vipande vidogo na kuvichanganya na udongo. Kiasi kidogo huupa nguvu, kama nyasi zilivyofanya. Ukizidisha, mambo yanageuka: plastiki inateleza, vipande vinagusana vyenyewe badala ya kushika udongo, na nguvu inashuka. Kwa hivyo yeyote anayekuambia barabara zitameza jaa zima anakuuzia hewa.

Kuna jambo lingine. Nyumba ya nyasi na udongo ikianguka, inarudi shambani. Plastiki haiozi. Sifa hiyo inayoifanya kero kwenye Mto Nairobi ndiyo inayoifanya ifae chini ya lami. Lakini barabara zetu tunazijua: leo zinawekwa, kesho zinachimbuliwa kupitisha bomba. Vile vipande vitakavyotoka na mchanga vikaingia mtaroni, nani atavipiga hesabu?

Mababu walijua kuchanganya. Walijua pia kuchagua kitu ambacho, kazi ikiisha, hakiachii watoto deni. Hiyo nusu ya pili ndiyo mjengo wetu bado haujajifunza.