Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Historia Ambayo Msafiri wa Serengeti Haelezwi

Msafiri wa leo anayepanga kuja kutazama wanyama wetu bila kuharibu mazingira huja na orodha ya maswali, nayo ni orodha njema. Je, kambi inatumia umeme wa jua? Majitaka yanakwenda wapi? Kuna chupa za plastiki? (Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu Juni 2019.) Ndege kutoka Ulaya itatoa hewa ya ukaa kiasi gani? Sina ugomvi na maswali hayo. Ninachokiona ni kwamba yote yanahusu mwenendo wa mgeni mwenyewe, na hakuna hata moja linalohusu ardhi anayokwenda kuikanyaga. Yanachukulia kwamba Serengeti ni pori lililobaki kama lilivyoumbwa, na kwamba wajibu wa mgeni ni kupita bila kuacha alama. Historia inaeleza vingine. Serengeti tunayoiona imetengenezwa kwa kiasi kikubwa na mikono ya watu, na baadhi ya watu hao hawajawahi kulipwa haki yao.

Tuanze na ng'ombe. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka, uliokuwa umeingia Pembe ya Afrika miaka michache kabla, ulishuka hadi nchi yetu. Ng'ombe walikufa kwa wingi usiowahi kushuhudiwa, na nyati na nyumbu wakafa pamoja nao. Ndui ikafuata, na njaa ikafuata. Wamasai huiita miaka ile Emutai, yaani maangamizi. Machi 1892 Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipoingia Ngorongoro alikuta Wamasai waliokondeana kwa njaa, akaandika aliyoyaona.

Athari yake kwa ardhi ilikuwa kubwa sawa na athari yake kwa watu. Pale ambapo hapakuwa tena na mifugo ya kulisha wala watu wa kuchoma nyasi kwa wakati wake, vichaka vilisonga mbele. Vichaka vikaleta mbung'o, na mbung'o wakaleta malale. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 ambacho kila mwanafunzi wa historia ya Afrika Mashariki hana budi kukisoma, alijenga hoja kwamba wenyeji walikuwa wameyatawala mazingira yao, na kwamba utawala huo ulivunjwa na majanga ya mwisho wa karne ya 19 na ukoloni uliofuata. Mzungu aliyekuja baadaye aliikuta nchi iliyofiwa, akadhani ni nchi isiyowahi kuwa na wenyewe.

Dhana hiyo ndiyo iliyoandikwa katika sheria. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa mwaka 1951, na mipaka yake ya awali ilijumuisha Ngorongoro pamoja na wafugaji waliokuwa humo. Upande wa magharibi, Waikoma, Wanata na Waisenye, watu wa kilimo na uwindaji, walijikuta mashamba ya zamani, makaburi na mahali pao pa matambiko pamebaki ndani ya mpaka wasioruhusiwa kuuvuka. Ukazuka mgogoro mrefu. Mwaka 1958 viongozi 12 wa Kimasai walitia saini makubaliano ya kuondoka Serengeti. Mwaka 1959 eneo liligawanywa: Serengeti ikawa hifadhi isiyokaliwa na watu, na Ngorongoro ikawa eneo la uhifadhi ambamo wafugaji wangeishi pamoja na wanyamapori. Gavana Richard Turnbull aliwaahidi Wamasai hadharani kwamba haki zao Ngorongoro zingelindwa.

Mwaka huohuo dunia ilitazama filamu ya Bernhard Grzimek iliyosema Serengeti isife. Mwanawe Michael, aliyeshirikiana naye kuhesabu wanyama kwa ndege, alikuwa amekufa Januari ndege hiyo ilipoanguka. Filamu ilipata tuzo ya Oscar, ikachangisha fedha nyingi kwa ajili ya uhifadhi, na hilo tulikiri. Lakini Grzimek aliamini kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na binadamu yeyote, wenyeji wakiwamo. Picha hiyo ya nchi tupu ndiyo inayouzwa hadi leo katika vipeperushi vya utalii, hata vile vinavyojiita rafiki wa mazingira.

Nawaomba wanafunzi wasikurupuke hapa wakadhani hadithi ni ya wanyama dhidi ya ng'ombe. Msafara wa nyumbu ambao mgeni hulipa maelfu ya dola kuutazama ulikuwa mdogo mno mwanzoni mwa miaka ya 1960. Nyumbu walikuwa takriban robo milioni. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wamezidi milioni 1.3. Mvua nzuri za msimu wa kiangazi katika miaka ya 1970 zilisaidia, lakini sababu ya msingi ni kwamba sotoka ilitoweka miongoni mwa nyumbu. Nyumbu hawakuchanjwa. Waliochanjwa ni ng'ombe wa vijiji na maboma yaliyoizunguka hifadhi, na ugonjwa ulipokosa pa kujificha katika mifugo ukakoma na porini. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba sotoka imetokomezwa kabisa.

Nyumbu walipoongezeka walikula nyasi ambazo zamani ziliungua, moto ukapungua, na miti ikarudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulieleza kwamba kwa njia hiyo Serengeti iligeuka kutoka kuwa chanzo cha hewa ya ukaa na kuwa ghala la kuihifadhi. Kwa hiyo mgeni anayeumiza kichwa juu ya hewa ya ukaa anatazama ghala lililoanza kujazwa siku mfugaji alipokubali ng'ombe wake achomwe sindano. Naye mfugaji alipata nini? Ndama wa nyumbu hubeba ugonjwa usiowadhuru wao lakini unaoua ng'ombe. Kadiri nyumbu walivyoongezeka, ndivyo Wamasai walivyolazimika kuyaacha malisho bora ya uwandani kila msimu wa kuzaa na kupanda nyanda za juu. Walichanja, nyumbu wakapona, kisha nyumbu wakawafukuza.

Tusimtupie mkoloni lawama zote. Septemba 1961, katika Tamko la Arusha, Mwalimu Nyerere aliahidi kwamba taifa changa litawalinda wanyamapori, na ahadi hiyo tumeitimiza kwa gharama kubwa. Ahadi ya mwaka 1959 kwa wakazi wa Ngorongoro haikupata bahati hiyo. Wakazi wa ndani ya kreta waliondolewa mwaka 1974. Kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, kikapigwa marufuku tena mwaka 2009. Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikihamishia wakazi Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema ni kwa hiari. Wakazi wengi na watetezi wa haki wanapinga. Hoja ya Serikali ina uzito: watu wa Ngorongoro wameongezeka zaidi ya mara kumi tangu mwaka 1959, na mifugo inahitaji malisho. Lakini uzito wa hoja hauondoi deni la ahadi. Mtumishi wa umma anayeandika waraka kuhusu Ngorongoro leo anaandika juu ya karatasi ambayo tayari ina saini za watu.

Kwa msafiri, basi, naongeza maswali kwenye orodha yake. Kambi nitakayolala ipo kwenye ardhi ya nani, na mkataba wake ni na nani? Tangu sera ya wanyamapori ya mwaka 1998, vijiji vimeweza kuunda jumuiya za hifadhi na kuingia mikataba na wawekezaji. Ikona, magharibi mwa Serengeti, ni mojawapo. Mgeni anaweza kuuliza fedha ya kitanda chake inafikaje kijijini, na kambi yenye majibu itamjibu. Je, anayeniongoza ni mtu wa hapa, na ana uhuru wa kunieleza habari za watu kama anavyonieleza habari za simba? Je, ni lazima nije Julai au Agosti kusongamana na magari kwenye Mto Mara, wakati nyumbu huzaa Ndutu kati ya Januari na Machi, ndani ya Ngorongoro yenyewe? Na kwa kuwa ndege ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya hewa ya ukaa ya safari yake, ni bora aje mara moja akae wiki tatu kuliko kuja mara tatu kwa wiki mojamoja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo haimtaki mgeni apite kimyakimya bila kuacha alama. Inamtaka aache kitu, na kitu hicho kimfikie mwenyeji. Kumtambua mwenyeji ni nani katika Serengeti ni kazi ya historia, na hatuwezi kumwachia mtalii peke yake. Ni kazi ya mwanafunzi anayeingia Nyaraka za Taifa kusoma makubaliano ya mwaka 1958, ya mwanaharakati anayetaja tarehe badala ya kupaza sauti tu, na ya ofisa anayeulizwa na mwenye boma ahadi ile imeishia wapi, akalazimika kumjibu.