Gobori na Mkataba wa Brussels

Twalitaja gobori kwa dharau, kana kwamba ni kazi ya wasiojua. Historia yasema vingine.

Speke alipofika Mwanza mwezi wa Agosti 1858, akalitazama ziwa si mbali na ilipo Mkuyuni leo, Mabaluchi wa msafara wake walichukua bunduki za kushindiliwa kwa mdomo. Hazikuwa ajabu; majeshi mengi ya Ulaya nayo yalishindilia hivyo hivyo. Baruti humiminwa mtutuni, hufuata risasi, zikashindiliwa kwa mdeki. Kisha gumegume au fataki huwasha. Mtutu laini hauishiki risasi barabara, kwa hiyo hupotoka kabla ya kwenda mbali. Mtutu wenye mifuo ya kuzunguka ndani huizungusha risasi ikaenda sawa. Na tundu likiwa jembamba, baruti hutumika kidogo, jambo kubwa kwa mwindaji maskini.

Mbona basi mifuo hiyo haikuwafikia watu wetu? Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, uliofanywa kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia bunduki za mifuo katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha nafasi kwa gumegume za mtutu laini. Majeshi ya wakoloni hayakufungwa na katazo hilo. Katika Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, magobori yalikabili bombomu za Wajerumani.

Mhunzi wa bara akaendelea kuunda alichoachiwa: bomba la chuma, kitako cha mti, tundu laini.