Mtori, mafuta na ubongo

Kwetu Sanya Juu, mama akijifungua hunyweshwa mtori mpaka anone. Akibaki mwembamba, maneno huanza: kwani wakwe wanamlisha nini? Unene ulikuwa sifa ya nyumba nzima. Siku hizi tumeugeuza kuwa aibu ya mtu mmoja: hana nidhamu, anakula hovyo.

Ila mwaka 1994, maabara ya Jeffrey Friedman kule New York iliitambua jeni ya leptini, protini inayotoka kwenye mafuta ya mwili. Hupita katika damu hadi ubongoni, hupokelewa na protini nyingine, na ujumbe wake ni huu: akiba ipo, punguza kula. Ikishuka, njaa inaamka.

Watanzania wenzetu nao wamo katika historia hii. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya wanakijiji zaidi ya 600 wa kusini: walaji samaki wa Ziwa Nyasa, na ndugu zao waliokula mboga na nafaka. Kwa uzito walikaribiana, lakini walaji samaki walikuwa na kiwango cha chini zaidi cha leptini.

Kumbe miili inayofanana machoni hutuma ujumbe tofauti ndani. Basi tusiharakishe kumhukumu mtu kwa umbo. Kunywa mtori, nyama utazikuta chini.