Ndaki ya TEHAMA UDSM: Nguvu zake, na nafasi zinazowasubiri vijana wa Nachingwea na Ruangwa

Kwa vijana wengi wa Nachingwea na Ruangwa, "kusomea kompyuta" maana yake ni kutengeneza simu, kuchapa barua stesheneri au kufungua kibanda cha intaneti. Hizo ni kazi halali na zinalipa. Lakini kazi ya watu waliosomea kompyuta chuo kikuu ipo tayari kwenye wilaya hizo mbili, ila haionekani kirahisi. Ipo zahanati, na ipo kwenye mnada wa korosho.

Sehemu ya kazi hiyo ina mizizi Kijitonyama, Dar es Salaam. Hapo ndipo ilipo Ndaki ya Teknolojia za Habari na Mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, maarufu kama CoICT. Ndaki ni jina ambalo UDSM hutumia kwa kitengo kikubwa cha taaluma chenye idara zake. Hii ilianza 2011 na inakaa nje ya kampasi ya Mlimani, kwenye majengo yaliyokuwa chuo cha mafunzo cha kampuni ya simu ya TTCL. Ndani yake kuna sayansi ya kompyuta upande mmoja na uhandisi wa elektroniki na mawasiliano ya simu upande wa pili. Digrii ya sayansi ya kompyuta ni miaka mitatu, zile za uhandisi ni minne.

Kitabu cha MTUHA kinaishia wapi?

Nguvu kubwa ya ndaki hii si majengo. Ni kwamba watu wake wamejenga na kulea mfumo unaotumika kila siku na nchi nzima.

Mtu yeyote aliyewahi kwenda zahanati amemuona mhudumu akiandika kwenye madaftari makubwa. Hayo ni MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mama amejifungua, anaandikwa. Mtoto amepata chanjo, anaandikwa. Mgonjwa amekutwa na malaria, anaandikwa. Mwisho wa mwezi takwimu zinajumlishwa na kupelekwa wilayani, na huko zinaingizwa kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa DHIS2.

Msingi wa DHIS2 ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Programu huria maana yake mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha bila kulipia leseni. Wataalamu wa UDSM, wakishirikiana na Wizara ya Afya, ndio walioifanya ifae mazingira ya Tanzania: fomu zetu, wilaya zetu, vituo vyetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilisambazwa mikoa yote.

Faida yake? Zamani takwimu za zahanati ya kijijini zilisafiri kama bunda la karatasi, na kufika kwake wizarani lilikuwa suala la miezi. Sasa wilaya, mkoa na wizara wanaona namba ileile kwa wakati mmoja. Malaria ikipanda ghafla kwenye kata moja ya Nachingwea, mganga mkuu wa wilaya anaweza kuona na kuuliza. Chanjo zikionekana chache kuliko watoto waliozaliwa, hilo nalo ni swali.

Kuna sehemu moja ambayo mfumo hauwezi kujisaidia. Kompyuta haimsahihishi mhudumu aliyejaza kitabu kwa kubahatisha usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Namba ikikosewa zahanati, inakosewa mpaka Dodoma. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi ya wataalamu hawa si kuandika programu tu, ni kufundisha watu na kuzunguka wilayani. Mwanafunzi anayeingia fani hii akidhani atakaa na skrini maisha yake yote ajiandae kushangaa.

Korosho, AMCOS na kangomba

Nafasi kubwa ambayo bado haijatumiwa vya kutosha ipo kwenye mazao. Ruangwa, Nachingwea na Liwale zina chama kikuu cha ushirika kimoja, RUNALI, na jina lenyewe limetokana na wilaya hizo tatu. Korosho za mkulima zinapimwa AMCOS, zinaenda ghala kuu, kisha zinauzwa mnadani kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani ulioanza kwenye zao hilo msimu wa 2007/2008. Kwa miaka mingi wanunuzi walitia bei zao kwenye sanduku, likafunguliwa mbele ya wakulima. Tangu msimu wa 2024/2025 mnada unapitia mfumo wa mtandaoni wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wakulima wanaona bei, wanakubali au wanakataa.

Kwa hiyo mnada wenyewe umeshaingia kwenye kompyuta. Kinachobaki nyuma ni njia ya kufika hapo: mizani ya kijijini, daftari la karani, orodha ya majina na namba za akaunti. Jina la mkulima likiandikwa tofauti na lilivyo benki, pesa inakwama hata kama mnada ulikwenda vizuri. Na mkulima mwenye mtoto anayedaiwa ada hana muda wa kusubiri. Anauza kangomba, yaani nje ya mfumo na kwa bei ya chini, ili apate pesa taslimu leo.

Programu ya simu haiwezi kumaliza kangomba, kwa sababu chanzo chake ni shida ya pesa. Lakini mizani inayotuma uzito moja kwa moja kwenye mfumo, na ujumbe mfupi unaomwambia mkulima kilo zake na hatua ya malipo yake, vinapunguza siku za kusubiri na mabishano na karani. Ujumbe huo lazima ufike hata kwenye simu ya kitochi. Hiyo ni kazi inayoweza kuwa mradi wa mwaka wa mwisho wa mwanafunzi wa CoICT, na anayeijua AMCOS kwa ndani ataifanya vizuri kuliko aliyeisoma tu.

Nachingwea inajua gharama ya miradi inayopangwa na watu wasioijua. Mwaka 1947 Waingereza walileta mpango mkubwa wa karanga, wakaleta na matrekta kabla ya kuuelewa vizuri udongo na mvua. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili yake nayo iling'olewa miaka ya 1960.

Ruangwa kuna jingine: madini ya kinywe. Mgodi wa kisasa unahitaji watu wa vihisishi, mitambo inayojiendesha na mawasiliano ya redio, na hapo digrii za elektroniki na uhandisi wa kompyuta zina nafasi kuliko ile ya programu peke yake. Serikalini nako soko lipo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi imeanza kutumika 2023, na kila taasisi inayotunza majina, simu na vipimo vya watu, ikiwemo hospitali na ushirika, inatakiwa kuvilinda.

Kikwazo ni Hisabati

Tatizo la kwanza kwa mtoto wa Nachingwea si umbali wa zaidi ya kilomita 500 hadi Dar. Ni Hisabati ya kidato cha tano na sita. Kozi za kompyuta na uhandisi zinaiangalia sana, na tahasusi kama PCM, PGM na EGM ndizo zenye njia nyepesi. Shule isiyo na mwalimu wa kutosha wa Hisabati inafunga mlango huo tangu kidato cha pili, kabla mtoto hajajua kwamba mlango upo. Nachingwea ina chuo cha ualimu cha siku nyingi. Ndaki ya kompyuta ikikaa meza moja na chuo kama hicho, faida yake kwa kusini itakuwa kubwa kuliko maonesho kumi ya ubunifu Dar es Salaam.

Aliyeshindwa njia hiyo hajaishiwa. Anaweza kuanza na cheti, akasoma diploma ya kompyuta, kisha akaomba digrii. TCU inataka diploma yenye GPA isiyopungua 3.0, na baadhi ya vyuo hupandisha kiwango hicho. Nje ya UDSM kuna ndaki ya kompyuta ya UDOM Dodoma, DIT, MUST Mbeya, na Chuo Kikuu Huria kwa anayetaka kusoma akiwa kazini. UDSM pia inajenga kampasi Lindi, ila hiyo imeelekezwa zaidi kwenye kilimo.

Gharama ya maisha Dar ni mzigo: chumba, nauli, bando, na kompyuta mpakato ambayo kwenye fani hii ni kama jembe kwa mkulima. Mkopo wa HESLB husaidia, lakini maombi yake ni tofauti na maombi ya chuo. Kupata chuo hakumpi mtu mkopo, na wapo wanaokosa kwa kudhani fomu ni moja. Dirisha la udahili kwa kawaida hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita, katikati ya mwaka. Cheti cha kuzaliwa kinachoambatishwa kwenye maombi ya mkopo lazima kihakikiwe na RITA kwanza, na uhakiki huo huombwa mtandaoni, hivyo ni vizuri kuufanya hata kabla matokeo hayajatoka.