Faure katika Maleba ya Hamlet

Mwaka 1877 jopo la Salon ya Paris liliikataa picha Nana ya mchoraji Édouard Manet, likaipokea picha yake nyingine: mwimbaji Jean-Baptiste Faure akiwa Hamlet, upanga mkononi. Kupokewa huko hakukumpa Manet nafuu yoyote. Wachora vibonzo wa magazetini waliifanyia mzaha, na lawama iliyodumu ni kwamba mtu huyu amekakamaa: si Faure wanayemjua, wala si mwana wa mfalme aliyepagawa kwa huzuni. Naona lawama hiyo imesahau kwamba anayechorwa ni mwimbaji, na yuko kazini.

Faure alikuwa akiimba opera: Hamlet ya mtunzi Ambroise Thomas, iliyoonyeshwa mara ya kwanza katika Opera ya Paris mwezi Machi 1868. Awali mtunzi alikusudia mhusika mkuu aimbwe na mwimbaji wa sauti ya tenori. Baadaye aliigeuza sehemu hiyo iwe ya baritoni, akaikata kwa kipimo cha Faure kama fundi akatavyo kanzu. Tena katika toleo hilo la Paris Hamlet hafi, bali anatawazwa. Basi anayemtafuta Hamlet wa Shakespeare katika picha hii amebisha mlango usio wake.

Tukio lililochorwa ni kutokewa na mzuka wa baba. Ajabu ni kwamba mzuka haumo, na ngome haimo. Nyuma ya Faure pana uwazi wa rangi ya kijivu na kahawia, sakafu na ukuta havitenganishwi na mstari wowote. Kivuli cha miguu ndicho pekee kinachotuhakikishia kuwa amekanyaga chini. Mbinu hiyo Manet aliichukua kwa Velázquez, katika picha ya Pablo de Valladolid, mchekeshaji wa ikulu ya Hispania, aliyoiona katika jumba la makumbusho la Prado mwaka 1865 ikamshangaza mno.

Alikwisha kuitumia kabla, kwa mwigizaji Philibert Rouvière, naye akiwa Hamlet, katika picha iliyokataliwa na Salon ya 1866. Lakini Rouvière aliigiza kwa maneno, na upanga wake umelazwa sakafuni. Wa Faure uko juu. Mwigizaji wa tamthilia huinua mkono na kuushusha ndani ya sentensi moja. Mwimbaji wa opera akishauinua hana budi kuushikilia mpaka kifungu cha muziki kiishe, pumzi imebanwa, jicho moja kwa kiongozi wa okestra. Huko ndiko kukakamaa kunakolaumiwa. Mchoraji Max Slevogt, alipomchora mwimbaji wa opera Francisco d'Andrade akiwa Don Giovanni mwaka 1902, alifuata njia nyingine: mavazi meupe, mwili uliofunguka, rangi zinazokimbilia wimbo. Picha hiyo ya Stuttgart inapendeza zaidi, sikatai. Ila inatuonyesha furaha ya Don Giovanni, si jasho la d'Andrade.

Faure hakuridhika na picha yake, iliyoko leo katika Jumba la Makumbusho la Folkwang, Essen. Hawezi kudhaniwa kuwa mgeni wa mtindo huo. Alikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa Manet, na tangu 1873 alimiliki Mpiga Filimbi, kijana aliyesimama katika uwazi uleule usio na ukuta. Uwazi huo ulimfaa alipozungukwa nao mtu mwingine.