Njia, Mizani na Ghala: Habari za Mkulima na Soko

Nchi yetu ya Iringa na Mbeya haikunyimwa kitu. Mvua yanyesha kwa majira yake, milima ina baridi ya kufaa chai na pareto, na mabonde yana rutuba. Mahindi, viazi, maharagwe, kahawa na mpunga vyote vyapatikana. Mtu akifika Mlandege, mjini Iringa, huona jinsi watu wanavyouza na kununua, na jinsi mji mzima unavyokula kwa jembe la watu wa vijijini. Lakini mara nyingi yule aliyeshika jembe hurudi kwake na fedha haba, naye hukopa tena kabla ya masika.

Basi yatupasa kuuliza: umaskini huo watoka wapi, ikiwa ardhi haikutunyima? Jibu ni kwamba zao si mali mpaka liuzwe, na kati ya shamba na soko mna milango mitatu. Wa kwanza ni njia, wa pili ni mizani, na wa tatu ni ghala. Habari za miaka mia iliyopita zatufundisha ya kuwa mlango wa kwanza waweza kufunguliwa na wengine. Lakini hiyo miwili iliyobaki haifunguki vema mpaka wakulima wenyewe, kwa umoja wao, washike ufunguo.

Tuanze na njia. Reli iliyojengwa na Wadachi kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, ikafika Kigoma mwaka 1914, lakini haikupita Iringa. Toka Iringa hata Dodoma ni mwendo wa kilometa 260 hivi, na mizigo ilichukuliwa kichwani. Wanafunzi na wafanye hesabu hii. Mpagazi achukua ratili 60 za nafaka. Tuseme safari yake ni siku kumi na mbili kwenda na kumi na mbili kurudi, na kila siku ala ratili mbili. Basi katika siku ishirini na nne atakuwa amekula ratili 48, na za kuuza zitakuwa zimebaki 12 tu. Ndiyo sababu vitu vilivyosafiri mbali zamani vilikuwa pembe za ndovu, mpira na nta, vitu vyepesi vya thamani kubwa. Mahindi hayakuweza kutoka, kwa kuwa njia yenyewe iliyala.

Zilipokuja motakaa mambo yalibadilika. Katika siku za utawala wa Waingereza barabara kuu ilitoka Dodoma, ikapita Iringa na Mbeya, ikaenda hata mpaka wa Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo sasa yaitwa Zambia. Katika miaka ya 1940 watu walianza kuingia kwa wingi nchi ya Ismani, kando ya barabara hiyo, kaskazini ya mji wa Iringa, wakafyeka mapori na kulima mahindi ya kuuza. Udongo wa Ismani ulikuwa hivyo hivyo tangu kale. Kilichokuwa kipya ni lori.

Baadaye ikaja njia kubwa zaidi. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia ya Kusini walijitangazia uhuru wao wenyewe, na Zambia ikawa taabuni, maana shaba yake na mafuta yake yalipita upande huo. Ndipo ilipotengenezwa barabara ya lami kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia, na baada yake reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilometa 1,860. Reli hii nayo haikuugusa mji wa Iringa. Ilipita Makambako, ikaenda Mbeya na Tunduma. Angalieni jambo hili: barabara ile haikujengwa kwa ajili ya gunia la mkulima, bali kwa ajili ya shaba na mafuta. Walakini gunia nalo lilipanda juu yake, nasi twashukuru. Mlango wa kwanza ulifunguliwa hivyo.

Je, njia ilipofunguka, mkulima alitajirika? Wengine walipata nafuu, lakini wengi waliukuta mlango wa pili, nao ni mizani. Hapa yafaa tujue habari za mbali kidogo. Mwaka 1844, huko Rochdale katika Uingereza, watu ishirini na wanane, wengi wao wafumaji wa nguo, waliungana wakafungua duka lao. Walikuwa wamechoka kuuziwa unga uliochanganywa na vitu vibaya na kupimiwa kwa mizani ya uongo. Shauri lao lilikuwa dogo: chakula safi, kipimo cha haki, na faida igawiwe wanachama. Kutoka katika duka lile ushirika ulienea duniani.

Kwetu Tanganyika watu wa Kilimanjaro walitangulia. Mwaka 1925 Wachaga waliolima kahawa waliunda chama chao, na mmoja wa viongozi wake alikuwa Joseph Merinyo. Sheria ya vyama vya ushirika ilitolewa mwaka 1932, na mwaka 1933 chama kikuu cha KNCU kikaandikishwa. Kahawa ya watu wengi ilikusanywa pamoja, ikauzwa kwa sauti moja. Hata hivyo mwaka 1937 palitokea ghasia Uchagani, kwa kuwa wengi waliona wanalazimishwa kuuza kwa chama ambacho hawakukiona kuwa chao. Huko Mwanza nako wakulima wa pamba waliishuku mizani ya wanunuzi. Hawakuishia kunung'unika. Waliweka wapimaji wao wenyewe wasimame penye mizani, na kutoka katika kazi hiyo vilikua vyama vyao, hata mwaka 1955, wakiongozwa na Paul Bomani, wakapata shirikisho lao kubwa. Na hapa kwetu kusini, watu wa Rungwe walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika tangu mwaka 1949.

Mtu asidhani ya kuwa habari za mizani ni za kale tu. Nani katika Njombe, Makete au Mbeya asiyeijua lumbesa? Gunia hujazwa viazi mpaka mdomoni, kisha huongezwa kilemba juu yake na kushonwa kwa kamba, likawa kama mtu aliyevaa kofia ya pili. Sheria ya vipimo ya Tanzania haikubali gunia la mazao lipite kilo 100. Sasa fanyeni hesabu. Tuseme lumbesa moja ni kilo 130, na bei iliyopatanwa ni ya gunia la kilo 100. Mkulima auzapo magunia kumi, ametoa kilo 1,300, naye amelipwa kilo 1,000. Magunia matatu kamili ameyatoa bure, wala hakuibiwa usiku. Ameyashona kwa mikono yake mwenyewe mchana.

Kwa nini akubali? Si kwa ujinga. Nauli ya lori na ushuru wa mazao hutozwa mara nyingi kwa hesabu ya magunia, basi mchuuzi hupata faida gunia likiwa kubwa. Tena mkulima amesimama peke yake kando ya shamba, viazi vimekwisha chimbwa, navyo vitaoza. Akikataa yeye, jirani atakubali. Ndiyo maana mtu mmoja hawezi kuishinda lumbesa, ajapokuwa hodari na mwenye haki. Kijiji kizima chaweza, kikinunua mizani moja na kupatana kuuza kwa kilo.

Mlango wa tatu ni ghala, yaani uwezo wa kungoja. Kwetu mahindi huvunwa miezi ya kipupwe, na wakati huo bei huanguka kwa kuwa kila mtu anauza. Ikifika miezi ya mvua, bei hupanda, na aliyeuza mwanzo huenda akanunua mahindi yale yale kwa bei ya juu. Wengi huuza mapema kwa sababu ya karo, deni au ugonjwa, na wengine kwa kuogopa dumuzi wanaotoboa nafaka.

Katika miaka ya 1970 Serikali ilijaribu kuuondoa ugumu huu kwa amri. Bei ya mahindi ikawa moja nchi nzima, hata mkulima wa mbali akapata sawa na aliye karibu na Dar es Salaam. Kwa ajili hiyo mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikawa maarufu kwa kulisha nchi. Lakini mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mashirika ya Serikali. Mizani na ghala vikawa mikononi mwa watu wa mbali. Malipo yalichelewa, na mahali pengine nafaka iliharibika ikingoja magari. Sheria ya mwaka 1982 ilivirudisha vyama, lakini imani ya watu hairudi kwa sheria peke yake.

Mwaka 2005 ilitungwa sheria ya stakabadhi za ghala. Mkulima huweka mazao yake katika ghala lililoruhusiwa, hupimiwa, naye hupewa karatasi ya kushuhudia kiasi na ubora wake. Karatasi ile yaweza kuwa dhamana ya mkopo, akapata karo ya mtoto huku mahindi yake yakingoja bei. Ni shauri jema, ila lina sharti lake: aliyeshika karatasi aweze kuisoma, na aliyeshika ghala awe mwaminifu. Tumeona vyama vilivyoanguka si kwa ukame wala kwa wachuuzi, bali kwa sababu karani aliandika na wanachama hawakuuliza.

Basi, wazazi, msingoje barabara nyingine kabla hamjaitumia vema mliyo nayo. Nunueni mizani ya kijiji, ikaguliwe na mkaguzi wa vipimo. Jengeni ghala kavu lenye paa zima. Kila mkutano hesabu na isomwe kwa sauti, yai kwa yai na senti kwa senti, hata aliyeketi nyuma kabisa asikie. Nanyi wanafunzi mliokwisha kujifunza kuzidisha na kugawanya, siku ya kuuza simameni karibu na mizani, na kalamu mkononi. Baba akisema magunia kumi, mwulizeni kwa heshima: ni kilo ngapi?